Stelingi Hauawi, Ila Londiani

Kila aliyekulia Mombasa zama zangu aliijua sheria moja ambayo haikuandikwa kitabuni wala haikufunzwa chuoni. Ilikuwa ya maneno mawili tu: stelingi hauawi.

Ukiingia Regal, au Naaz, au Majestic, ukikaa viti vya mbele vya bei rahisi, shingo umeirudisha nyuma kama anyolewaye ndevu, huna hofu yoyote. Mkuu wa mchezo atapigwa ngumi, atafungwa kamba, atatoswa mtoni, risasi itampitia begani. Lakini mwisho wa yote atasimama, atajipangusa vumbi, atalipiza kisasi, na ataoa. Wengine waliomzunguka, askari na wachuuzi na wapanda farasi, hao wakianguka huanguka kama maembe ya msimu, na hakuna aulizaye jina la embe.

Mwalimu wetu wa chuo hakuipenda sinema hata chembe. Alikuwa akitujua sote tuliokwenda kutazama Jumapili kwa namna tulivyosinzia Jumatatu mbele ya juzuu. Siku moja, kabla ya kushika bakora, alinitaka nimsimulie hiyo niliyoiona. Nikamsimulia kwa furaha, nikidhani nimeokoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: "Na hao waliouawa njiani, hawana mama zao?" Sikuwa na jibu. Nikala bakora zangu nne nikaenda zangu, na swali nikaliacha pale pale mkekani. Kumbe halikukaa. Limenifuata miaka arobaini na kitu, mpaka likanipata Londiani.

Sheria yenyewe niliiona ikivunjwa mara moja nilipokuwa mtoto. Sholay ilitoka India mwaka 1975, na Mombasa ilirudi na kurudi hata miaka ya baadaye. Mimi niliiona nikiwa na umri wa kama miaka kumi. Veeru aliyechezwa na Dharmendra, na Jai aliyechezwa na Amitabh Bachchan, wote wawili tuliwahesabu mastelingi. Basi Jai alipokata roho mikononi mwa mwenziwe, ukumbi mzima ulinyamaza. Kisha mtu mzima aliyekaa nyuma yangu, mwenye ndevu zake, akapiga ukelele: "Haiwezekani! Rudisha nyuma!" Watu wakacheka, lakini wengi walicheka huku wakifuta machozi.

SAFARI YA BARIDI

Mwezi wa Novemba 2025 mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa akisoma katika Chuo cha Misitu kilichoko Londiani, kaunti ya Kericho. Mama yake aliniita akanikabidhi furushi la halua, mikate ya mofa, kashata na sweta mbili, akaniambia, "Kaka, nenda ukanitazamie mtoto, asije akaganda huko." Amri ya dada haikataliwi. Nikapanda gari moshi mpaka Nairobi, na kutoka Nairobi nikapanda basi.

Basi la siku hizi nalo ni ukumbi wa sinema. Kioo kimetundikwa juu ya kichwa cha dereva, watu wanarushiana mateke toka Naivasha mpaka Nakuru, na abiria wamekodoa macho. Lakini tulipoipita Salgaa na kuanza kuukwea mlima wa Sachangwan, niliona jambo. Watu wazima waliacha kutazama kioo wakaanza kutazama njia. Pale Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka, watu wakatoka na madumu kuteka yaliyomwagika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Mzee aliyeketi kando yangu alivua kofia yake mpaka tulipopapita. Hakusema neno, nami sikumuuliza.

Londiani ni mji mdogo wenye ukungu mkubwa. Watu wa pwani tukisikia Kericho hudhani kila kilima ni chai, lakini Londiani iko juu sana, zaidi ya mita 2,200, na huko ni misitu, viazi, kabeji na ng'ombe wa maziwa. Chai yenyewe unaikuta ukiteremka kuelekea mjini Kericho na Bomet. Reli ilipita hapa ikienda kufika Kisumu mwaka 1901, na kabla ya Eldoret kupata reli yake mwaka 1924, walowezi waliokwenda Uasin Gishu walikuwa wakishukia hapa na kuendelea kwa magari ya ng'ombe. Kwa hivyo huu ni mji uliozoea kupitwa. Watu hushuka, hupakia mizigo yao, na huenda zao.

Baridi yake, ndugu msomaji, si ya kuhadithiwa. Nilivaa kikoi, juu yake suruali, juu yake kanzu, na juu ya kanzu koti la mpwa wangu lililonipwaya. Watoto wakanifuata wakicheka. Mimi niliwaamkia "Chamgei," neno la pekee la Kikipsigis nilijualo, wakazidi kucheka.

Hapo nikamkumbuka nyanya yangu, Mungu amrehemu. Mwaka 1978, Daniel arap Moi aliposhika urais baada ya kifo cha Mzee Kenyatta, nyanya alilisikia jina kwenye redio akapiga vigelegele: "Alhamdulillahi, safari hii wametupa Mwarabu!" Ilichukua juma zima kumfahamisha kwamba arap kwa lugha za Kikalenjin ni kama bin kwetu, maana yake ni mwana wa fulani. Alipofahamu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi naye ni mwana wa watu." Siku hizo nililiona neno la mzaha. Sasa naliona neno zima.

KIBANDA CHA VIDEO

Nilifika Alhamisi. Ijumaa nikaswali na jamaa katika msikiti wa mji, safu zetu chache lakini zimenyooka, na baada ya Isha mpwa wangu akanishika mkono. "Mjomba, leo nitakupeleka sinema." Nikadhani ananifanyia mzaha, kwani Londiani sikuona jengo la sinema. Akanipeleka kwenye kibanda cha mabati chenye mabenchi, kioo kimoja cha televisheni, na spika mbili kubwa kuliko mlango.

Filamu ilikuwa ya Kihindi, ya kupigana, lakini sauti iliyotoka haikuwa ya Kihindi. Ilikuwa ya kijana wa Kenya akiisimulia kwa Kiswahili cha mitaani, mbio kama mtangazaji wa mpira. Mpwa wangu akanieleza kwamba hii ni kazi inayojulikana nchi nzima, na mwenye sifa kuu humu Kenya ni DJ Afro. Tanzania nako alivuma Lufufu, na Uganda wasimulizi wa namna hii ni jeshi zima. Nikasema moyoni, kumbe si jambo geni. Sisi utotoni tulikuwa na mzee mmoja aliyejua Kihindi, tukimnunulia njugu ili atunong'oneze anachosema Amitabh. Tofauti ni kwamba huyu wa sasa hanong'oni, na hatafsiri. Anatunga. Adui mkuu alimpa jina la ukoo wa wakora, vibaraka wake akawaita makanga wa matatu, na mama wa stelingi akamfanya muuza mboga. Watu walicheka mpaka benchi letu likataka kuvunjika.

Nilipotulia nikaona jambo la pili. Mwenye kusimulia ndiye mwenye kuchagua nani atapewa jina. Stelingi aliitwa kwa jina mara mia. Vibaraka waliangushwa kumi, ishirini, na sauti ile ikawapita kama basi lisilo na kituo. Kijana mmoja mbele yetu akapaza sauti: "Stelingi hauawi!" na kibanda kizima kikaitikia. Niliitikia nami pia, nisikufiche. Mazoea yana taabu.

SINEMA YA WAKUBWA

Kabla ya Isha, jioni ile ile, tulikuwa tumeketi mkahawani tukinywa chai ya maziwa iliyopikwa ikaiva. Mimi nikiinywa chai hiyo humkumbuka Mombasa, maana chai ya mlimani mwisho wake ni kuteremka kwetu. Mnada wake ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na uko huko mpaka leo. Wao huituma chini, sisi huipigia mnada, na kila mmoja humjua mwenziwe kwa mifuko tu.

Televisheni ya mkahawa ilikuwa ikionyesha habari za siku: Rais William Ruto amezindua ujenzi wa barabara kuu ya kutoka Rironi hadi Mau Summit, ya njia nne na zaidi, ambayo madereva watailipia ushuru kwa kila kilomita. Ilikuwa Ijumaa, 28 Novemba 2025. Mzee mmoja wa Kipsigis, mwenye fimbo na shuka, akaitazama kwa utulivu kisha akasema, "Itafika Mau Summit. Njia panda yetu iko mbele kidogo tu ya Mau Summit." Mwengine akamjibu kwamba ahadi ya kuiendeleza ipo. Mzee akasema, "Ahadi hiyo hata mimi ninayo. Nimeiweka pamoja na zile nyingine."

Hapo mazungumzo yakageuka siasa, na siasa watu wa Kenya wameipa jina lake: sinema. Ukisikia mtu anasema "bungeni kuna sinema," hana maana ya picha. Ana maana ya vituko vya wakubwa. Londiani wana sinema yao waliyoikariri, ya gavana wa Kericho, Erick Mutai. Oktoba 2024 wawakilishi 31 kati ya 47 wa bunge la kaunti walipiga kura ya kumwondoa. Sheria yataka theluthi mbili. Sisi tuliosoma mirathi chuoni theluthi mbili hatuzikosei: za 47 ni 31 na kijisehemu, na kwa kuwa mtu hagawanywi, walitakiwa 32. Seneti ikaikomesha kesi kwa kijisehemu hicho. Agosti 2025 wakarudia, safari hii kwa kura za mitambo, ikatangazwa kuwa 33 wameunga mkono. Wengine wakaapa kwamba wao hawakupiga kura yoyote. Seneti ikaikomesha tena. Nani alikuwa mkweli, mimi siye kadhi wa jambo hilo. Ninalolisimulia ni kicheko cha mkahawani, pale yule mzee mwenye fimbo alipohitimisha kwa kusema, "Stelingi hauawi!"

Wakubwa nao wanaijua nguvu ya sinema kuliko sisi tuinunuayo. Aprili 2025 wasichana wa shule ya Butere walikwenda Nakuru, mji ambao basi letu liliupita, kwenye mashindano ya maigizo ya shule wakiwa na mchezo wao ulioitwa Echoes of War. Mahakama ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuuonyesha. Mtungaji wake, Cleophas Malala, akakamatwa. Wasichana wakaingia jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Na nje moshi wa polisi ukawafuata watu. Mwezi huo huo BBC ikatoa filamu juu ya vijana waliopigwa risasi nje ya Bunge tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha. Maonyesho yake ya Nairobi yakavunjwa, na mwanzoni mwa Mei watengenezaji filamu wanne wakakamatwa kisha wakaachiliwa. Serikali yenye askari na mizinga haiogopi picha bure. Inaogopa kwa sababu ndani ya picha ile vijana waliokufa wana majina na wana mama zao. Yaani mtu asiyekuwa stelingi amepewa usimulizi.

Na Kericho yenyewe, mwaka 2023, ilionekana kwenye vioo vya dunia mara tatu katika nusu mwaka. Februari BBC ilitoa filamu ambamo wanawake zaidi ya 70 walieleza jinsi wasimamizi walivyowadhulumu heshima zao ili wapate au wasipoteze kazi, katika mashamba ya chai yaliyokuwa miaka mingi mikononi mwa kampuni mbili za Uingereza, Unilever na James Finlay. Bunge likaagiza uchunguzi. Mei, mashine za kuchumia chai zikachomwa moto na watu waliosema zinawanyang'anya kazi. Mara ya tatu ilikuwa Juni, na ndiyo iliyonitoa kitandani asubuhi ya Jumamosi kwenda njia panda ya Londiani.

NJIA PANDA

Ijumaa, 30 Juni 2023, jua likielekea kuchwa, lori la kontena, mfano wa yale yanayotoka Kilindini usiku na mchana, lilishindwa kujizuia likaingia kwenye matatu, pikipiki, na wachuuzi waliokuwa kando ya njia. Zaidi ya watu 50 walikufa. Kwetu ilikuwa siku ya tatu ya Idi ya Kuchinja. Nakumbuka vyema. Nilikuwa nimeketi barazani na jamaa, tumbo limejaa pilau, simu ikalia. Picha zikaingia, moja, ya pili, ya tatu. Si picha za magari tu. Za watu, walivyolala.

Nami, msomaji, nilizituma. Nilizituma kwa watu wa baraza yetu, na kwa ndugu walio Maskati na Dubai, nikaandika chini yake "Inna lillahi," nikadhani nimefanya jambo la huruma. Kisha nikanawa mikono nikala halua. Londiani kwangu lilikuwa jina tu, kama majina ya miji katika filamu.

Asubuhi ile ya Novemba nilikuta wachuuzi hawako mbali na lami. Baada ya ajali serikali ilisema masoko ya kando ya barabara yahamishwe, lakini mnunuzi yuko kwenye gari, na viazi havina miguu ya kumfuata. Malori yalipita kwa mngurumo, na kila lilipopita kina mama walinyanyua nyuso wote kwa pamoja, wakalitazama mpaka limekwisha kupita, kisha wakarudia kupanga karoti. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Ni mazoea mapya ya shingo.

Nilinunua viazi kwa mama mmoja ili nipate kuzungumza naye. Alipojua natoka Mombasa alicheka, akaniuliza bahari ina mwisho au haina. Nikamuuliza kuhusu siku ile. Akanyamaza, akachagua viazi vyangu kimoja kimoja, akasema, "Mzee, dada yangu alikuwa anauza nguo hapo karibu na ile nguzo. Sisi tulikuwa tunamtafuta hospitali. Watoto wake walikuwa nyumbani, tuliwaficha, tulitaka kuwaambia polepole, na pasta awe hapo. Lakini jirani alikuwa na simu. Walimwona mama yao kwa simu kabla sisi kuwaambia." Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu aulizaye bei: "Hao walikuwa wanatumiana hizo picha, walikuwa wanataka nini?"

Ningalisema sijui. Ulimi ulikuwa tayari kusema sijui. Lakini nilisikia sauti ya mwalimu wangu wa chuo: hao waliouawa njiani, hawana mama zao? Na huyu alikuwa mama. Watoto wake walimtambua kwa kitambaa cha kichwani. Nikamwambia, "Mama, hata mimi nilizituma. Sijui kama wake ulikuwemo. Niwie radhi." Alinitazama kitambo kirefu. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Aliongeza viazi viwili juu ya fungu langu, akafunga mfuko, akanipa.

SWALI LA MWALIMU

Sasa nirejee kwenye mambo ya nchi, maana ndiyo yaliyonikalisha kuandika.

Sheria ile ya utotoni tumeichukua kutoka sinema tukaitia katika siasa yetu. Mkubwa akishtakiwa tunahesabu kura zake mpaka kijisehemu. Vituo vyote vya televisheni vinakesha naye. Wachuuzi zaidi ya 50 wakifa tunawahesabu siku ile, na wiki ya pili hesabu imefungwa. Barabara ikizinduliwa tunaambiwa urefu wake na mabilioni yake. Hatuambiwi muuza viazi atasimama wapi itakapokwisha. Uchunguzi wa mashamba ya chai ulianza na kamera, na kamera zilipoondoka wengi wetu hatukuuliza tena umeishia wapi, wala hayo mashamba yakauzwa kwa nani. Yaliuzwa, kwa kampuni ya Sri Lanka. Wachumaji ni wale wale. Na sisi tunaolaumu wakubwa kwa kuwapita watu, tuna simu mkononi zinazofanya hivyo hivyo. Mtu akianguka njiani tunamfanya picha kabla hajapoa.

Dini yetu imetufunza mambo mawili ambayo yamekutana pale njia panda. La kwanza, maiti ana sitara yake: anafunikwa, anaoshwa mbali na macho, na aliyemwosha haelezi aliyoyaona. Haikusemwa kwamba sitara hiyo ni ya jamaa wa msikiti wetu tu, wala haikusemwa kwamba simu imesamehewa. La pili, kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Chuoni tulidhani ni mwiba au ganda la ndizi. Lakini soko lililoachwa ukingoni mwa lami, mteremko usio na kizuizi, lori linalopita kila kituo bila breki zake kukaguliwa, huo nao ni udhia, na wenye mamlaka ndio wenye mikono ya kuuondoa. Sisi tuna midomo ya kuuliza. Kontena hizo zinapakiwa kwetu; hatuwezi kusema la Londiani halituhusu.

Watu watasema, ndiyo dunia ilivyo, sinema imekwisha kuandikwa. Mimi nitawakumbusha Coolie. Mwaka 1982 Amitabh alikuwa akiicheza filamu hiyo, yeye ni Iqbal, Muislamu, mpagazi wa steshini ya reli, akaumia kweli kweli katika kupigana kwa mchezo, akakaribia kufa. India nzima ikaomba, Mombasa tukaomba, hata nyumba zisizoomba mvua ziliomba. Alipopona, mwongozaji wake Manmohan Desai akaugeuza mwisho. Katika maandishi ya kwanza Iqbal alikuwa afe. Katika filamu iliyotoka mwaka 1983 Iqbal akaishi. Kumbe mwisho hugeuzwa, watazamaji wakikataa kwa kauli moja kwamba huyu asife. Basi kama tuliweza kukataa kwa ajili ya mpagazi wa kwenye kioo, hatushindwi kukataa kwa ajili ya muuza nguo wa kweli aliyesimama karibu na nguzo.

Nilirudi Mombasa na mfuko wa viazi. Dada yangu akaniuliza mtoto hajaganda? Nikamwambia ni mzima, anajifunza kuhesabu miti bila kuikata. Viazi tukavipika na nazi. Usiku nikatoa simu, nikaitafuta ile picha ya mwaka 2023, kwani ilikuwa ingali mle, nikaifuta. Najua nilizozituma hazifutiki. Ubeti huu niliutunga ndani ya basi, mahali pale pale ambapo wazee huvua kofia:

Stelingi si mwenye gari, wala si mwenye walinzi,
Ni yule aso kiburi, muuzaji wa viazi,
Akifikwa na hatari, ana mama na machozi,
Simu yako isitiri, sitara ndiyo mapenzi.